Kitufe cha Namba Kumi na Mbili

Shangazi yangu haiamini pikipiki isiyosema. Mletee mashine kubwa ya safari, iliyong'arishwa mpaka unajiona uso kwenye tangi, ataizunguka mara moja, atabetua midomo, kisha atauliza: "Na ikianguka, itamwita nani?"

Wateja wapya hucheka wakidhani ni utani. Wa zamani hawacheki. Wanajua swali hilo limetoka wapi.

Mwaka jana mumewe, seremala, ambaye sisi watoto wa kaka yake Shangazi tumemwita Mjomba tangu tukiwa wadogo, alianguka kwenye mteremko mkubwa akiwa wa mwisho katika msafara wa pikipiki kumi na mbili. Kuwa wa mwisho alipenda mwenyewe. Alisema mkia ndio unaouona mwili mzima. Barabara ilikuwa imelowa, akashika breki ya mbele katikati ya kona, gurudumu likateleza, naye akaenda mtaroni na pikipiki yake. Wale kumi na mmoja waliotangulia walifika chini, wakaagiza chai, wakapiga soga. Mara mbili tatu mtu aliuliza, "Mkia yuko wapi?" akajibiwa, "Anakuja." Alikaa mtaroni saa nne nzima. Daktari aliyemkata mguu wa kulia chini ya goti alisema angeletwa mapema, mguu ungepona.

Mimi nilipopata habari nilitaka kuwashitaki watu wote: waliojenga barabara bila ukingo, waliowahi chai, hata waliouza matairi. Nilikuwa nimetoka chuo miezi miwili tu, na kila jambo niliona lina mshitakiwa wake. Shangazi aliniacha niseme mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema, "Mwanangu, wale si watu wabaya. Hawakumsikia, basi. Mtu asiyesikika ni sawa na mtu asiyekuwepo."

Hilo alilijua kuliko mtu yeyote mjini kwetu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa opereta wa simu. Walikaa wanawake saba mbele ya ubao mkubwa wenye matundu na nyaya, mtu akipiga anataja namba, opereta anachomeka waya kwenye tundu lake na kusema, "Nakuunganisha." Yeye alilisema neno hilo mara nyingi kuliko alivyotaja jina lake, na likamganda. Hadi leo wazee wakikutana naye njiani humwita Nakuunganisha. Alikuwa anamjua mpigaji kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Siku mitambo mipya ilipofika, wanawake wale saba walipewa barua ya mistari minne. Nimeisoma. Haina hata neno asante. Bado inanichemsha damu, ingawa yeye mwenyewe alishaitumia siku nyingi kufungia misumari.

Hakulia. Alikwenda kwa fundi wa redio aliyekuwa anapoteza macho, wakaelewana: yeye awe macho ya fundi, fundi awe akili yake. Miaka miwili baadaye alikuwa na macho na akili, vyote vyake. Na baada ya ajali ya Mjomba, alianza kufunga redio za kusemeshana kwenye pikipiki za safari. Hakuna aliyemtuma.

Chumba chake cha kazi ni cha nyuma, kilichokuwa stoo. Mjomba alimtengenezea meza yenye ukingo ulioinuka kidogo pande zote ili skrubu zisidondoke. Helmeti zinaning'inia ukutani safu mbili, na ukiingia na habari ya umbea unahisi zote zinasikiliza. Kunanuka lehemu. Bisibisi zimepangwa kwa urefu, na ole wako uchukue moja ukafungulie kopo la rangi.

Kazi yenyewe ukiitazama ni rahisi. Redio inakaa chini ya kiti, karibu na betri, na fyuzi yake. Antena inasimama nyuma kwenye keria. Ndani ya helmeti kuna spika mbili za masikioni na maikrofoni ndogo mbele ya midomo. Waliopakizana wanafungiwa pia kiboksi cha kuongea wao kwa wao, dereva na abiria wake, bila kupayuka kwenye upepo. Na kwenye usukani, mkono wa kushoto, kuna kitufe. Ukikibonyeza, msafara mzima unakusikia.

"Kufunga, kila mtu anafunga," Shangazi husema. "Kazi ni kunyamazisha."

Nilimwona akiifanya kazi hiyo kwa Daktari wa Meno, mwanamke mrefu anayeendesha pikipiki kubwa kuliko ya mwanamume yeyote katika klabu ya pikipiki, na nyuma yake anampakia mumewe. Huyo mume, kwa jinsi asivyonyamaza, wamempa jina Redio Mbao.

"Nakuunganisha, kuna mluzi masikioni," Daktari alilalamika. "Nikiongeza mwendo, nao unapanda."

"Una uhakika si mume wako?"

"Huyu hapigi mluzi. Huyu anahutubia."

"Mimi namweleza mandhari tu, jamani," Redio Mbao alijitetea. "Yeye anatazama barabara, nani atamwambia kuna punda?"

"Niwekee swichi ya kumzima."

"Swichi ya kuzima mume ningekuwa nayo," Shangazi alisema akiwa amepiga magoti, kichwa kimezama chini ya kiti cha pikipiki, "ningekuwa naishi ghorofani."

Alichukua saa mbili. Alifuata waya mmoja mmoja kwa vidole mpaka akafika pale waya wa hasi ulipofungwa kwenye fremu, akakuta mtu ameufunga juu ya rangi. Akaikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga upya, akamwambia Daktari awashe na apandishe mafuta. Kimya. Daktari alifumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mumewe akaanza palepale kueleza jinsi kimya kilivyo kizuri.

Shangazi alikuwa na sheria moja asiyoivunja kwa mteja yeyote. Kitufe kikae mbali na kidole gumba, upana wa vidole viwili. Mtu aunyanyue mkono wake kidogo, akusudie, ndipo aongee. Sababu ni hii: redio hizi haziongei na kusikiliza kwa pamoja. Anayebonyeza hasikii. Na akibaki amebonyeza, anaziba chaneli, wenzake wote wanamsikia yeye tu, na yeye hajui. Ndiyo maana aliwafundisha pia kuwa na chaneli ya akiba. Ya kazi ni kumi na nne. Ikizibwa, hesabu mpaka sitini, kisha hamia ishirini, na wote wakutane huko.

Wakasoma, wakajaribu, wakahitimu. Ilibaki wiki moja kabla ya safari ya mwaka, kupitia mteremko uleule, Mjomba alipoweka kikombe chake mezani mchana mmoja na kusema, "Na mimi nakwenda."

Shangazi hakuinua uso. "Na mguu?"

"Nimeufanyia mazoezi." Mguu wake wa bandia alikuwa ameuvalisha kiatu cha kuendeshea, kama aliyekwisha kuondoka.

"Wapi?"

"Uwanjani."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

Mimi nilikuwa na hotuba tayari: haki ya mtu kupanda tena, utu, ulemavu si mwisho. Sikuhitajika. Shangazi alisema, "Kwenda utakwenda. Lakini utakwenda ukisikika."

Ile redio aliifunga kama anashona nguo ya harusi. Kila kiungo alikilehemu mara mbili. Alipofika kwenye kitufe, nikamwona anakiweka chini kabisa ya kidole gumba, pa kugusa tu.

"Shangazi, na vidole viwili?"

"Hao ni wateja," alisema. "Huyu ni huyu. Akiteleza asianze kutafuta."

Alikijaribu uani, pikipiki imezimwa, Mjomba ameketi juu yake mikono mitupu. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Kilifanya kazi vizuri sana.

Siku ya safari tulipanda asubuhi mpaka kituo cha mafuta kilichoko kileleni, mimi na Shangazi kwenye pikapu, na redio moja yenye antena ndefu juu ya paa. Pale juu ndipo mawimbi yanapofika mteremko mzima. Mpango ulikuwa tukae pale mpaka wafike chini, ndipo tuwafuate. Manyunyu yalianza wakati wanavaa helmeti. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni kama maziwa yanayochemka.

Mwenyekiti wa klabu, mwenye bucha kubwa na sauti ya kuuzia nyama, alimjia Mjomba. "Mzee, kaa katikati leo. Tukulinde."

"Mimi si yai."

"Sijasema yai. Nasema mteremko huu unakujua."

"Na mimi naujua. Namba kumi na mbili, mkia, kama kawaida. Una jingine?"

Mwenyekiti alimtazama Shangazi kumwomba msaada. Shangazi alikuwa anaangalia mita ya redio, au alijifanya anaiangalia. Mjomba akavaa glavu zake nene za mvua, akainua mkono, wakaondoka mmoja mmoja na kumezwa na ukungu.

Kila baada ya dakika tano Shangazi alikuwa anaita, nao wanajibu kwa namba. Mara ya kwanza walijibu wote, moja mpaka kumi na mbili. Namba kumi na mbili ilijibu kwa madaha, "Yupo, mzima, mzuri." Shangazi alitabasamu kidogo akaandika alama kwenye karatasi.

Mara ya pili aliita, "Namba moja." Badala ya Mwenyekiti ukaja mngurumo wa injini, mzito, usiokatika. Ndani ya mngurumo mtu alikuwa anaimba kwa kuguna, bila maneno.

"Nani ameziba chaneli?" nikauliza.

Shangazi aliinamisha sikio karibu na spika, akamtambua. Miaka kumi na tisa ya kuwajua watu kwa pumzi zao.

"Kona ya nne," ilisema sauti ya Mjomba. "Polepole mzee. Polepole."

"Mjomba anaongea na nani?"

"Na nafsi yake," Shangazi alisema. "Amekaza mkono kwenye usukani. Kidole kiko juu ya kitufe. Glavu ile nene... Hajui kama amekibonyeza." Akafumba macho. "Nilikiweka mimi."

Na ile sauti ikaendelea, karibu, kama imekaa nasi ndani ya pikapu. "Umekanyaga au hujakanyaga? Nijibu, wewe mti. Sikusikii. Nikikukanyaga sikusikii." Alikuwa anausemesha mguu wake wa bandia, ndio unaokanyaga breki ya nyuma. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo: "Nilimwambia mara nyingi. Mara mbili tu. Mara mbili, kwenye uwanja tambarare. Nimemdanganya mke wangu, Mungu wangu, na sasa naogopa."

Niliona aibu kusikia. Nilitaka kuizima. Pikipiki kumi na moja mbele yake zilikuwa zinasikia neno kwa neno.

"Saa yako ina sekunde?" Shangazi aliniuliza.

"Ina."

"Nihesabie. Wenzake watahamia ishirini wakifika sitini. Niambie."

"Tumfuate, Shangazi! Niwashe gari, dakika kumi tutamfikia."

"Ukiondoka na gari unaondoka na antena. Tukipita kona ya kwanza mlima unatuziba, hatumsikii yeye wala wao. Kaa. Hesabu."

Nilikaa. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama kukaa pale. Nilihesabu kwa sauti, na katikati ya namba zangu Mjomba alikuwa anasema, "Harufu gani hii? Ni ya nani hii? Ni yangu." Nilipofika hamsini alisema, "Breki. Nimeikanyagia tangu juu. Yesu wangu, nimeilalia tangu juu."

"Sitini."

Shangazi alizungusha kitasa cha chaneli. Sauti ya mumewe ikakatika. Kwenye ishirini palikuwa na makelele ya watu wote kwa pamoja.

"Kimya," alisema. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, baridi na safi, sauti ya ubao wa simu. "Namba moja, uko wapi?"

"Kona ya kumi na moja," Mwenyekiti akajibu. "Mama, umesikia mambo hayo? Si nilisema huyu mzee abaki..."

"Utanilaumu chini. Sasa shuka mpaka kona pana, simamisha malori yanayopanda. Yote. Washa taa, lala barabarani ukitaka. Namba mbili mpaka kumi, endeleeni, msisimame katikati, mpisheni njia. Namba kumi na moja."

"Nipo," alisema Daktari wa Meno.

"Unamwona nyuma yako?"

"Naona taa. Inakuja haraka."

"Breki yake ya nyuma imekwisha kwa joto. Ya mbele hataki kuishika, anaiogopa, ndiyo iliyomwangusha. Hawezi kukusikia. Punguza mwendo, mwache akufikie, kaa ubavuni kwake. Mume wako ana mikono miwili isiyo na kazi. Amwonyeshe ashushe gia, kisha amwonyeshe breki ya mbele. Kidogo na kuachia. Kidogo na kuachia. Amenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi," alisema Redio Mbao, na hakuongeza neno. Ilinitisha kuliko yote.

Kitasa tena. Kumi na nne.

"...imezama! Imezama mpaka chini, haina kitu!" Mjomba alikuwa anapiga kelele. Injini ilikuwa inalia juu. "Kona. Kona. Kona. Haya. Haya. Nimepita. Ya saba hiyo."

Kulikuwa na kona kumi na saba.

"Daktari, sogea!" ikasema sauti yake. "Sogea mama, nitakugonga! Pita! Mbona unakaa ubavuni, una wazimu? Na huyu mumeo anapunga nini? Chini? Nini chini? Gia? Najua gia, mimi nimeanza kuendesha wewe hujaota ndevu!"

Kisha tukasikia injini inapanda mlio ghafla, kama mnyama aliyevutwa kamba. Ameshusha gia. Injini ikapanda tena. Gia nyingine.

"Haitoshi," alisema Mjomba. Hakuwa anapiga kelele tena. "Haitoshi. Bado naenda."

"Mbele," Shangazi alisema kwenye maikrofoni, ingawa alijua fika haimfikii. Hata hakubonyeza. "Shika mbele baba, kidogo tu."

"Mbele sishiki. Usinionyeshe mkono, nimeshakuona. Mbele ndiyo iliyonila. Sishiki."

Nilitazama saa bila sababu. Matone yalikuwa yanateleza kwenye kioo. Mtu wa pampu alikuwa amesogea dirishani na kitambaa chake mkononi, akisikiliza, mdomo wazi.

"Kidogo na kuachia?" Mjomba aliuliza. Alikuwa anamuuliza Redio Mbao, ambaye hakuweza kumjibu ila kwa vidole. "Hivyo? Naona. Kidogo... achia. Kidogo... achia. Imeshika. Haikuteleza. Kidogo... achia. Endelea kunionyesha, usiache, usitazame kwingine. Kidogo..."

Injini ilishuka. Mlio ukawa mngurumo, mngurumo ukawa mnong'ono. Tukasikia matairi yakisaga kitu, changarawe au majani au mtaro, hatukujua. Kikasikika kishindo kimoja.

Kisha, tik. Kimya.

Kidole kilikuwa kimetoka kwenye kitufe.

Nilimtazama Shangazi. Mtu anayesimama salama huachia usukani. Na anayerushwa pia huachia usukani. Redio haikusema ni lipi.

Alibonyeza. "Namba kumi na mbili."

Hakuna.

Aliweka maikrofoni chini, akajipangusa viganja kwenye gauni, akaichukua tena. "Namba kumi na mbili. Nakuita."

Hakuna. Yule mtu wa pampu alivua kofia. Ningeweza kumpiga.

"Namba kumi na mbili," alisema kwa mara ya tatu, na safari hii sauti ya ubao wa simu ilikuwa imepasuka katikati.

"Kumi na mbili, nakupata." Mjomba alikuwa anahema. "Pikipiki imelala, mimi sijalala. Niko kwenye kile kituo cha changarawe, pembeni ya barabara. Sasa niambie, hizi redio zako ni za nini? Tangu kona ya nne nasikiliza, hakuna hata mmoja anayesema neno. Nimekaribia kufa na nyinyi mmenyamaza kama mnakula!"

Shangazi alicheka. Kicheko kilitoka vibaya, kikageuka, akajifunika uso kwa mkono ule wenye maikrofoni. Mimi ndiye niliyewasha gari.

Tulipowafikia, ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Klabu yote ilikuwa imerudi na kusimama pale kwenye changarawe. Mjomba ameketi juu ya jiwe, mguu wa bandia ameuvua na kuulaza pembeni, anasugua goti. Breki ya nyuma ya pikipiki yake ilikuwa inatoa moshi. Watu walikuwa wanaongea mambo ya hali ya hewa. Hakuna aliyemtazama usoni, na yeye aliliona hilo, maana si mjinga.

"Kuna nini?" aliuliza. "Nani amekufa?"

"Hakuna kitu mzee," Mwenyekiti alisema haraka. "Redio zilikoroma kidogo. Upepo. Hatukusikia chochote." Akamkonyeza Shangazi. Wengine wakaitikia: upepo, upepo tu.

Nilielewa walichokuwa wanamfanyia, na kwa mara ya kwanza nikampenda yule mchinja ng'ombe. Nilimwomba Mungu Shangazi naye aseme upepo.

Shangazi alichuchumaa mbele ya mumewe. "Walisikia," alisema. "Kila neno. Kuanzia kona ya nne mpaka walipohama chaneli."

Mjomba aliacha kusugua goti.

"La mti?"

"La mti."

"La uwanjani?"

"Na la uwanjani."

Alitazama chini. "Ulikuwa na haja gani ya kuniambia? Wenyewe walikuwa wameshanisitiri."

"Wamekusitiri leo. Kesho utapanda tena, na utawaambia upo, mzima, mzuri, na wao watajifanya wanaamini. Mimi siwezi kukaa kileleni mara ya pili." Alisema taratibu, lakini hakupunguza sauti. "Na la kwangu hujaulizia. Hukubonyeza kwa kusudi. Kitufe chako nilikiweka karibu. Nyinyi nyote mmewekewa mbali, yeye nilimwekea karibu, kwa sababu ni wangu. Nilikijaribu uani, mkono mtupu, injini imezimwa. Mtu anayeogopa hushika usukani kwa nguvu, na kwenye mvua huvaa glavu. Nilipaswa kujua. Mimi ndiye niliyeziba chaneli leo. Kama Daktari angekuwa mbali zaidi, ningekuwa nimemuua."

Hakuna aliyesema upepo. Mwenyekiti alikitazama kitufe cha pikipiki yake mwenyewe. Nilijua alichokuwa anafikiri, kwa sababu na mimi nilikifikiri: mjini hakuna fundi mwingine wa kazi hii, na sasa yeye mwenyewe amelitia doa jina lake mbele ya wateja wake wote, bila mtu kumshitaki.

Redio Mbao ndiye aliyeanza. "Mimi nina swali kwa aliyenipigia kelele ubavuni," alisema. "Hivi kweli nilianza kuota ndevu lini?"

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Kisha wawili. Mjomba alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ubavu, na katikati ya kicheko akajifuta macho kwa ile glavu nene.

"Naogopa," aliwaambia, kama anayetaja bei. "Mbele naiogopa, nyuma siisikii. Sishuki kona nyingine leo. Mtanipakia kwenye pikapu, na pikipiki yangu juu. Nikifika nyumbani nitatafuta namna ya kuihamishia breki ya nyuma mkononi. Mpaka hapo, mkia achukue Daktari."

"Na mume wangu nimweke wapi?" Daktari aliuliza.

"Wa kwako kaa naye. Ana mikono ya maana."

Shangazi alikuwa ameshasimama. Alikwenda kwenye pikapu, akarudi na bisibisi na mfuko wa vibano. "Vaeni glavu," aliwaambia. "Zile za mvua. Washeni injini, shikeni usukani kama mnaoteremka na hamtaki kufa. Nitakagua kila mmoja, na nisiyeridhika naye haondoki."

"Mama, njia bado ndefu," Mwenyekiti alisema.

"Ndiyo maana. Wewe wa kwanza."

Mwenyekiti alivaa glavu.